Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kusoma Kumbukumbu za Hebaria za Ganoderma applanatum

Anayefungua hifadhidata ya hebaria, yaani hifadhi ya mimea na kuvu waliokaushwa, kwa mara ya kwanza na kutafuta Ganoderma applanatum hukutana na vifupisho vingi, majina ya Kilatini yanayogombana na tarehe za enzi za babu wa babu yake. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara. Penye utata nimejibu kwa kirefu; kwingine nimepita haraka.

Tunazungumzia uyoga gani hasa?

Ni uyoga mgumu kama ubao, unaochomoza ubavuni mwa shina, gogo au kisiki mithili ya rafu. Mgongo wake ni wa kijivu au kahawia, wenye matuta yaliyozungukana. Upande wa chini ni mweupe na una vitundu vidogo sana, kati ya 4 na 6 katika kila milimita. Ukiukwaruza kwa ukucha, alama hugeuka kahawia papo hapo, na uyoga ukishakauka alama hiyo haifutiki. Ndiyo maana kuna watu huchora picha juu yake, na ndiyo maana kielelezo cha miaka mingi kinaweza bado kuonyesha alama ya dole gumba la aliyekibandua mtini.

Hauozi baada ya siku mbili kama uyoga wa kupikwa. Huishi miaka mingi, na kila msimu wa kukua huongeza tabaka jipya la mirija chini ya lile la zamani. Uukate kwa msumeno uone: matabaka yamepangana kama kurasa. Kazi yake kubwa lakini haionekani kwa nje. Nyuzi zake zimeenea ndani ya mti zikimeng'enya lignini pamoja na selulosi, vitu vinavyoijenga mbao, mpaka mbao inabaki nyeupe, laini na yenye nyuzinyuzi. Huo ndio uozo mweupe.

Uyoga si mmea. Unatafuta nini kwenye hebaria?

Ni urithi wa zamani. Hebaria zilianzishwa wakati kuvu zikihesabiwa kuwa mimea, zikawekwa kabati moja na majani yaliyobanwa. Sayansi ilipozitenga, makabati yalibaki. Siku hizi baadhi ya taasisi huita sehemu hiyo fungaria. Ile ya Kew, Uingereza, ina vielelezo zaidi ya milioni 1.25.

Uyoga wa aina hii haubanwi kwenye karatasi kama jani. Hukaushwa, ukawekwa kwenye bahasha au boksi, na ukiwa mkubwa kupita kiasi hukatwa kipande chenye ukingo, nyama, mirija na sehemu uliposhika mti. Kipande kisicho na sehemu hizo zote humtesa atakayekichunguza baadaye.

Kumbukumbu moja huwa na nini ndani yake?

Kwanza kuna herufi za hebaria: K ni Kew, UPS ni Uppsala, L ni Leiden, FH ni hebaria ya Farlow iliyoko Harvard, BPI ni mkusanyiko wa taifa wa kuvu wa Marekani ulioko Beltsville, EA ni Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi. Herufi hizi zinatambulika dunia nzima. Kisha kuna namba ya kielelezo, jina la spishi, jina la mkusanyaji na namba yake mwenyewe ya kukusanyia, tarehe, mahali, mti mwenyeji, na jina la aliyeutambua uyoga.

Watu wengi husoma jina la spishi kwanza. Mimi hulisoma mwisho. Ukitaka kujua uzito wa kumbukumbu, tazama nani aliutambua uyoga, lini, na kama kuna maelezo ya mti. Jina la spishi ni maoni ya mtu. Mti, mahali na siku ni mambo yaliyoshuhudiwa.

"Leg.", "det.", "conf.", "cf." na "s.l." ni nini?

"Leg." ni aliyekusanya. "Det." ni aliyetambua spishi. "Conf." ni aliyekuja baadaye akakubaliana naye. "Cf." ikitangulia jina la spishi, mtambuzi anasema: inafanana na hii, lakini sitii sahihi. "S.l." ina maana jina limetumika kwa upana, likibeba spishi kadhaa zinazokaribiana, kinyume chake ni "s.str.", yaani kwa maana finyu.

"Cf." na "s.l." ni dalili za mtambuzi makini. Bahati mbaya, hifadhidata nyingine huzidondosha wakati wa kuingiza data, na shaka ya mtaalamu inageuka kuwa uhakika wa kompyuta. Ukiona picha ya lebo imeambatanishwa, ifungue.

Kwa nini kielelezo kilekile kina majina matatu au manne?

Kwa sababu jina limehama nyumba mara nyingi. Mtaalamu wa kuvu Persoon aliuita Boletus applanatus. Vitabu vingine huandika mwaka 1799 na vingine 1800, kwa kuwa tarehe iliyochapishwa kwenye kitabu na siku kilipotoka hazikulingana. Wakati ule Boletus lilikuwa kapu la karibu kila uyoga wenye vitundu. Baadaye wengine wakauweka kwenye Polyporus, wengine kwenye Fomes. Karsten alianzisha jenasi (kundi la spishi zenye undugu) ya Ganoderma mwaka 1881, na Patouillard akauhamishia humo mwaka 1887. Karsten mwenyewe alikuwa na mawazo mengine: mwaka 1889 aliuita Elfvingia applanata. Kuna pia waliotumia Ganoderma lipsiense, wakishikilia kwamba jina la Batsch la mwaka 1786 lilitangulia.

Kwa hiyo ukitafuta jina moja tu, unapoteza sehemu ya vielelezo. Tafuta yote: Boletus, Polyporus, Fomes na Elfvingia, kisha lipsiense. Hifadhidata nzuri huyaunganisha yenyewe, lakini si zote, na makosa ya tahajia ya makarani hayaunganishwi na yeyote.

Lebo za zamani haziondolewi kwenye bahasha. Kila mtambuzi hubandika karatasi yake ndogo yenye jina, saini na mwaka, juu au kando ya ile ya kwanza. Bahasha yenye karatasi nne si fujo. Ni mjadala ulioendelea kwa miongo kadhaa kati ya watu ambao pengine hawakuwahi kuonana.

Naweza kuliamini jina lililoandikwa?

Inategemea uyoga ulitoka wapi na nani aliutazama kwa hadubini. Hapa ndipo penye kizungumkuti chenyewe.

Ulaya, ndugu anayechanganywa nao zaidi ni Ganoderma adspersum. Kwa macho wanafanana sana. Nyama ya adspersum kwa kawaida ni nene na nyeusi zaidi, na spora zake, yaani chembe za uzazi, ni kubwa: nyingi hupita urefu wa mikroni 9 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali za applanatum nyingi hukaa chini ya hapo. Mtambuzi ambaye hakupima spora alikuwa anakisia, hata kama alikisia vizuri.

Kuna shahidi mwingine ambaye hakualikwa. Inzi mdogo aitwaye Agathomyia wankowiczii hutaga kwenye upande wa chini wa uyoga huu, na uyoga huota vinundu vilivyochongoka mfano wa chuchu. Inzi huyo huipendelea mno applanatum, kiasi kwamba vinundu hivyo kwenye kielelezo cha Ulaya ni ushahidi mzuri wa spishi. Uzuri ni kwamba vinundu hukauka pamoja na uyoga. Anayetaka kujua inzi alikuwa wapi zamani anaweza kupekua bahasha za uyoga.

Nchi za joto ni habari nyingine. Applanatum ni spishi ya maeneo yenye majira ya baridi, lakini wakusanyaji waliofika tropiki wakiwa na vitabu vya Ulaya mkononi waliona rafu ya kahawia, chini nyeupe, wakaandika jina walilolijua. Vielelezo vingi vya namna hiyo leo huangukia kwenye kundi la Ganoderma australe, ambalo lenyewe linaonekana kuwa na spishi zaidi ya moja. Kwa hiyo ukiona kumbukumbu ya applanatum kutoka msitu wa ikweta, iliyotambuliwa zamani na haikuguswa tena, isome kama "Ganoderma ya kahawia, jamii ya applanatum", usiongeze neno.

Kisa cha Ganoderma lucidum kinaonyesha jambo hili linaweza kufika umbali gani. Jina hilo lilitolewa na Curtis mwaka 1781 kwa uyoga wa Uingereza. Likatumika karne nzima na zaidi kwa uyoga wa dawa wa China, mpaka watafiti walipolinganisha vielelezo na vinasaba wakaona ni spishi mbili tofauti; mwaka 2012 ule wa China ukachapishwa kwa jina Ganoderma lingzhi. Vielelezo havikubadilika hata chembe. Vilikuwa palepale kwenye bahasha, vikisubiri mtu wa kuvitazama upya.

Kielelezo-msingi ni nini, na kinapatikana wapi?

Ni kile ambacho jina la spishi limefungwa kwacho. Wakibishana kuhusu maana ya jina, hurudi kwenye kielelezo hicho, si kwenye maelezo ya kitabu. Kwa spishi mpya, kutaja kielelezo-msingi ni sharti tangu tarehe 1 Januari 1958. Majina ya zamani kama la Persoon yalitolewa bila sharti hilo, kwa hiyo wataalamu hulazimika kurudi kwenye makusanyo ya mwandishi. Hebaria ya Persoon iko Leiden, Uholanzi. Ya Patouillard iko Harvard. Ukikuta neno "typus" au bahasha yenye ukingo mwekundu, usiifungue bila mhifadhi kuwa karibu.

Mti mwenyeji una umuhimu gani?

Mkubwa mno, na ndio unaoachwa wazi mara nyingi kuliko vyote. "Kwenye gogo" haitoshi. Mti ulikuwa wa jenasi gani? Ulikuwa hai, umekufa ukiwa wima, au ulikuwa umelala? Uyoga ulikuwa usawa wa mizizi au mita tatu juu? Applanatum hupatikana zaidi kwenye miti ya majani mapana kuliko kwenye misonobari na jamaa zake, hivyo kumbukumbu ya msonobari inastahili kutazamwa mara mbili. Gogo lililooza likipoteza gome huwa gumu kutambulika, na mkusanyaji mkweli huandika "mti haukutambulika". Afadhali huyo kuliko anayebahatisha.

Ushauri kwa anayekusanya: chukua na kipande cha mbao iliyooza pamoja na gome, kiweke bahasha moja na uyoga. Mtaalamu wa mbao anaweza kuutambua mti hata baada ya miaka mingi.

Tarehe kwenye lebo inaniambia uyoga uliota lini?

Hapana. Hilo ni kosa la kawaida kwa waliozoea uyoga wa msimu. Uyoga laini ukiokotwa tarehe fulani, ujue ulichipuka siku chache kabla. Rafu inayoishi miaka mingi inaweza kuokotwa mwezi wowote, hivyo tarehe inakuambia siku ambayo mtu alipita hapo akiwa na kisu. Grafu ya miezi ya kukusanywa kwa applanatum ni grafu ya likizo za wanasayansi zaidi kuliko ya maisha ya uyoga.

Chunga pia namna tarehe ilivyoandikwa. 3/4/1912 ni Aprili kwa Mwingereza na Machi kwa Mmarekani. Wakusanyaji makini waliandika mwezi kwa namba za Kirumi, 3.iv.1912, na ubishi ukaisha.

Lebo haina viwianishi. Nukta kwenye ramani imetoka wapi?

Kuna mtu aliyesoma jina la kijiji au mlima, akatafuta kwenye ramani, akaweka nukta. Kazi hiyo ikifanywa vizuri huambatana na kiwango cha shaka: mita 500, kilomita 10, na kadhalika. Bila kiwango hicho nukta inadanganya, kwa sababu inaonekana sahihi kama ya GPS. Nukta iliyokaa katikati kabisa ya mkoa au nchi karibu kila mara imewekwa na kompyuta iliyopewa jina la mkoa au nchi tu. Na nukta ya uyoga wa miti iliyoko baharini, basi latitudo na longitudo zimebadilishana nafasi, au alama ya kutoa imesahaulika.

Nukta nyingi maana yake uyoga ni mwingi hapo?

Maana yake watu walikusanya hapo. Nukta hujikusanya kandokando ya barabara, kwenye bustani za mimea na karibu na vyuo. Kuna pia nakala: mkusanyaji mmoja aliweza kugawa uyoga mmoja mkubwa vipande vitano na kuvipeleka hebaria tano, na kwenye jumla vinaonekana kama matukio matano. Linganisha jina la mkusanyaji, namba yake na tarehe. Vikilingana, hesabu moja.

Kinyume chake nacho ni kweli. Spishi za kawaida hazikusanywi kwa sababu kila mtu anadhani zimeshakusanywa. Applanatum ni mhanga mzuri wa tabia hii. Kubwa, nzito, inajulikana, kuikausha ni shughuli: wengi huiacha mtini.

Picha niliyopiga kwa simu haitoshi?

Kwa kusema "nimeona rafu ya Ganoderma kwenye mti huu", inatosha, na huduma kama GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye makao Copenhagen, hukusanya vielelezo na taarifa za macho kwa pamoja, kila aina na alama yake. Ila picha haipimiki spora, haikatwi, haitoi vinasaba. Mtafiti wa sokwe Dian Fossey aliripoti kwamba sokwe wa milimani wa Virunga huupenda uyoga wa aina hii hata kunyang'anyana. Habari tamu kabisa. Lakini ukitaka kujua ilikuwa Ganoderma ipi, unahitaji kipande kwenye bahasha.

Kabla ya kuchambua data, tenganisha aina hizo mbili. Nimeona ramani nzuri zikiharibika kwa hatua hiyo moja iliyorukwa.

Nimepata uyoga huu, nataka kuupeleka hebaria. Nianzeje?

Uliza kibali kwanza, cha mwenye ardhi na cha mamlaka husika. Na ukivuka mpaka wa nchi, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki unaotumika tangu mwaka 2014, inaweza kukuhusu. Piga picha kabla ya kuung'oa, juu na chini, na mti mzima. Andika papo hapo, kwa penseli au wino usiochujuka. Usitegemee kumbukumbu ya kichwa jioni.

Vumbi la rangi ya kakao unaloliona mgongoni ni spora, si rangi ya uyoga. Uyoga mmoja mkubwa hutajwa kuachia takriban spora bilioni 30 kwa siku, na hewa huzipandisha zikatua juu yake na juu ya majani ya jirani. Kusanya kidogo kwenye karatasi iliyokunjwa, maana spora zilizokomaa ndizo mtambuzi atakazozihitaji.

Kata vipande visivyo vinene na ukaushe kwa hewa ya moto wa nyuzi 40 hadi 45 za Selsiasi mpaka viwe vyepesi na vikavu hadi katikati. Usivioke. Mwisho, viweke kwenye friza nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi kwa wiki nzima, ndani ya mfuko uliofungwa. Uache urudie joto la chumba kabla ya kuufungua ili unyevu usitue juu ya kielelezo.

Friza ya nini, kama umeshakauka?

Kwa ajili ya wadudu. Kuna jamii nzima ya mbawakawa wadogo, Ciidae, ambao maisha yao ni kutoboa uyoga mgumu, na huingia hebaria wakiwa ndani ya kielelezo. Wengine, kama Lasioderma serricorne anayejulikana zaidi kwenye tumbaku, huvamia baadaye. Bahasha ya zamani yenye unga wa kahawia na vitundu vya duara ilikuwa na uyoga hapo mwanzo.

Zamani walipambana nao kwa sumu, ikiwemo kloridi ya zebaki na aseniki, na sumu hizo hazijaondoka. Shika vielelezo vya kale kwa glavu na unawe mikono hata kama lebo haisemi chochote.

Vinasaba vinaweza kutolewa kwenye kielelezo cha miaka mia?

Mara nyingine. DNA hukatikakatika kadiri miaka inavyopita, na namna uyoga ulivyokaushwa huamua mengi kuliko umri wake. Sehemu ya vinasaba iitwayo ITS ilikubaliwa mwaka 2012 kuwa kitambulisho rasmi cha kuvu, lakini ndani ya Ganoderma haitoshi kutenganisha kila spishi; watafiti huongeza jeni kama tef1 na rpb2. Kumbuka pia kwamba ukungu mwingine unaweza kuwa umeota juu ya kielelezo, ukasoma vinasaba vya mgeni ukidhani ni vya mwenyeji. Kukata kipande kunahitaji ruhusa, na matokeo hurudishwa hebaria yakaandikwe kwenye bahasha.

Kuna uyoga huu kwenye mti wa nyumbani. Kumbukumbu za hebaria zitanieleza kama mti utaanguka?

Hazitakueleza. Uyoga unaonyesha kwamba kuna uozo ndani, mara nyingi karibu na kitako cha mti. Ukubwa wa uozo hupimwa kwenye mti wenyewe. Mwite mtaalamu wa miti.

Nimegundua kosa kwenye kumbukumbu. Nimwandikie nani?

Hebaria inayomiliki kielelezo, si tovuti iliyoionyesha. Tovuti za pamoja hupokea data kutoka kwa hebaria, na marekebisho yakifanywa kwenye tovuti peke yake yatafutika data ikiletwa tena. Taja herufi za hebaria na namba ya kielelezo, eleza umeona nini na kwa ushahidi gani: umepima spora ngapi, umetazama picha ipi. Mhifadhi akikubali, ataandika karatasi mpya yenye jina lako na mwaka, ataitia ndani ya bahasha, na ile ya aliyekosea itabaki palepale ilipokuwa.